Nimekutana nyuma ya jukwaa na mzee wa gitaa niliyemsikiliza toka utotoni, hapa hapa Tanga

Mwana_Ngamiani

Wakuu, salaam. Jambo hili liko kifuani toka Jumamosi usiku. Mke wangu amelisikia mara nne, jana akaniambia nenda kawasimulie wanaojua gitaa. Basi nimekuja. Ni refu, mwenye kahawa yake aisogeze.

Mimi mzaliwa wa Ngamiani. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli, na anayeijua Tanga anajua kuwa fundi baiskeli hapa hakosi kazi. Kibandani kwake palikuwa na redio ya betri iliyofungwa mpira wa tyubu ili kifuniko kisidondoke. Nikitoka shule nakaa pale, nashika spana, nasikiliza. Redio Tanzania mchana ilikuwa ikipiga nyimbo za bendi, na zikifika za hapa kwetu, Jamhuri Jazz au Atomic Jazz, baba alikuwa anaacha kazi. Haongei. Anaweka nyundo chini mpaka wimbo uishe.

Kuna wimbo mmoja. Sitautaja, maana nikiutaja mtamjua mzee, na mwenyewe ameniomba jina lake lisiwekwe mtandaoni. Baada ya ubeti wa pili waimbaji wananyamaza, halafu kabla ya chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka, linaingia gitaa. Kipande hicho hakifiki hata dakika moja, lakini ndicho kilichonifanya nishike gitaa. Nilikuwa na miaka 14. Nikaurekodi wimbo kwenye kanda kutoka redioni, nikawa napiga na kurudisha, napiga na kurudisha, mpaka kanda ikaanza kuvuta sauti. Ilinichukua karibu miaka 3 kukipata. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kinaniuma mpaka usiku, kwa sababu pale katikati lazima kinyooke kwenda mbali huku wenzake wamebaki walipo. Lakini nilikipata, na mpaka leo nikipiga harusini watu wazima wanainuka vitini nikifika pale.

Jumamosi kulikuwa na onesho la wazee wa dansi, ukumbi mmoja upande wa Raskazone. Tangazo nililiona limebandikwa kwenye mti jirani na wauza kahawa. Jina lake lilikuwa la nne. Nilisimama pale mpaka muuza kahawa akaniuliza kama nimepata msiba. Miaka yote nilijua huyu mtu alishafariki.

Nikavaa shati la Idi, nikaenda mapema.

Alipanda jukwaani akishikwa mkono na kijana. Wakamwekea kiti. Gitaa lilikuwa jekundu. Wimbo wa nne ukawa ule. Nilikuwa nimesimama karibu na spika ya kushoto. Ubeti wa kwanza, wa pili, waimbaji wakanyamaza, mzee akaingia.

Wakuu, kilikuwa chembamba. Noti zilikuwepo, lakini nusu tu. Anapiga, anaacha nafasi. Anapiga, anaacha nafasi. Pale ambapo mimi kidole kinaniuma, yeye kimya. Nikasema moyoni, mzee amechoka, noti zimempotea. Watu walishangilia. Mimi nilipiga makofi nimeinamisha kichwa, nina uchungu kama nimefiwa.

Hata hivyo nikasema sitoki bila kumpa mkono. Nyuma ya jukwaa pale si chumba cha wasanii kama mnavyoona kwenye video. Unapita mlango wa jikoni, unapita kreti za soda na sufuria za pilau, unatokea uani. Taa moja, viti vya plastiki. Mzee amekaa peke yake, amevua viatu, anakunja waya wa gitaa kati ya kiganja na kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, polepole, kama mvuvi anayekunja kamba ya ngalawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia baba, nikamtajia mtaa na kazi yake. Hakumjua. Ila akasema, "Mafundi baiskeli walituokoa sana." Sikumwelewa. Akanieleza kuwa kipindi kile cha shida, baada ya vita vya Kagera, nyuzi za gitaa hazikuwa zikipatikana madukani, wakawa wanapita kwa mafundi baiskeli kuomba waya za breki zilizokatika. Waya wa breki ukiufumua unapata nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Unachagua moja, unainyoosha kwa kuivuta kwenye msumari, unaifunga kwenye gitaa. Inakata vidole, na kwa hewa hii ya bahari inashika kutu upesi, lakini dansi halikusimama. Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kwenye ncha kuna mstari mweupe uliozama, kama kovu la wembe. Nilikishika. Kigumu kama pembe.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia niliyoyaweka miaka mingi. Yote yalinitoka. Nilichosema ni, "Mzee, mimi nimejifunza gitaa kwako."

"Kwangu? Mimi sijafundisha mtu."

Nikamtajia wimbo. Akainua lile gitaa jekundu, akanipa. "Hebu."

Gitaa la umeme lisilochomekwa linatoa sauti ndogo sana. Aliinama mpaka sikio likakaribia mkono wangu. Nikapiga mpaka mwisho. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Nilipofika pale pa kidole cha mwisho akanishika kifundo cha mkono.

"Hapo mwanangu unapiga watu wawili."

Kipande kile hakikuwa cha gitaa moja. Yeye alikuwa solo, mwenzake alikuwa gitaa la pili. Solo linauliza, la pili linajibu kwenye nafasi, sauti ya chini kidogo, na moja halijanyamaza vizuri jingine limeshaingia. Walirekodi Dar es Salaam, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja toka mwanzo mpaka mwisho, ukikosea mnarudia wote. Magitaa yote mawili yalichomekwa kwenye ampu moja. Redio ya baba ilikuwa na spika moja. Yote mawili yakanifikia yametoka tundu moja, na mimi nikasikia mtu mmoja. Kumbe kidole changu kilikuwa kinafanya kazi ya mkono wa mwingine.

Na jukwaani hakupoteza hata noti moja. Alipiga za kwake zote. Zile nafasi alikuwa anamwachia mwenzake, aliyefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Akaniambia niondoe za juu nibaki na za chini. Ilikuwa kazi, vidole havikutaka kutengana. Gitaa lilikuwa moja tu, kwa hiyo yeye akapiga solo kwa mdomo, ti-ri-ri, anaacha, mimi najibu. Tukaenda hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jikoni kuna mama alikuwa anasugua sufuria, akaacha kusugua.

Tukanyamaza. Halafu mzee akasema, "Wewe unawahi. Yeye alikuwa anachelewa kidogo, makusudi."

Tukarudia, mimi nikichelewa. Akatikisa kichwa, hapana. Tena. Hapana. Mara ya sita au ya saba hakusema kitu, aliguna tu, nikajua nimefika.

Baadaye yule kijana akaja kulichukua gitaa, lilikuwa lake. Ndipo nilipojua mzee hana gitaa. Enzi zao vyombo vilikuwa mali ya klabu. Mpigaji akishuka jukwaani anaviacha pale pale, na klabu zilipokufa vyombo vikapotea navyo. Mtu amepiga gitaa ujana wake wote na hajawahi kulala nalo nyumba moja.

Picha sikupiga. Nimekumbuka niko juu ya baiskeli, nimeshavuka reli kuingia Ngamiani.

Naomba kuwasilisha. Na nina swali kwa wapigaji: ni wangapi humu mmejifunza nyimbo za zamani kwa redio na mkaunganisha watu wawili bila kujua?

Makorora74

Mkuu nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Hapo pa "alikuwa anachelewa makusudi" nimerudia mara tatu. Jina nipe basi hata faragha, baba yangu alikuwa mcheza dansi wa Atomic enzi za Kiweke, ule mtindo wao, angefurahi kujua nani bado yupo.

Mwana_Ngamiani

Nisamehe kaka, nimemwahidi. Ila nikimwona nitamfikishia salamu za baba yako, nitamwambia kuna mcheza Kiweke Makorora bado anauliza.

Besi_Temeke

Nimepiga besi Dar miaka mingi, naomba niongeze nyama hapa kwa sababu ni jambo linaloniuma.

Kwanza tusichanganye gitaa la pili na rithimu. Vijana wengi wanaofufua nyimbo za zamani wanapanda jukwaani na solo, rithimu, besi, basi. Wimbo unatoka na pengo na hawajui pengo liko wapi. Rithimu haijibu mtu. Rithimu inashikilia, inapiga ileile kama moyo. Gitaa la pili ndilo linaloongea na solo, na ndilo ambalo likikosekana utasema solo amezeeka. Mleta mada umelisikia hilo kwa masikio yako.

Pili, hiyo ya redio ni kweli kabisa, na rekodi nyingi za wakati ule hazina kushoto wala kulia, ukivaa spika za masikioni bado zote zinakaa katikati ya kichwa. Mimi nina njia moja ninayowapa vijana. Sikiliza noti inayoendelea kulia wakati nyingine inaanza. Ukiona ile ya kwanza bado inalia na ya pili imeingia mahali ambapo mkono mmoja hauwezi kufika bila kuiachia ya kwanza, hao ni wawili. Kidole kikiuma kupita kiasi, shuku. Watu wale walikuwa wanapiga usiku mzima mpaka alfajiri, wasingetunga kitu cha kuwaumiza mikono.

Tatu, hii ya gitaa kuzungumza na gitaa Tanga mnapaswa kujivunia zaidi ya hapo. Ndugu watatu wa Kinyonga, Wilson, George na William, walianzia kwenye Jamhuri Jazz miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, 1971 wakavuka Nairobi, ikazaliwa Simba Wanyika. Baadhi ya wapigaji wakajitenga 1978 wakaunda Les Wanyika. Ukisikiliza magitaa ya bendi zile mbili unasikia mazungumzo yaleyale, hakuna anayemkatiza mwenzake. Wakenya wanazipenda kama za kwao, na ni haki yao, lakini mbegu imetoka kwenu. Hata Wananjenje wa Kilimanjaro Band chimbuko lao ni Tanga.

Hapa pekee sikubaliani nawe kidogo: usiitupe ile yako ya mkono mmoja. Umeitolea jasho miaka 3. Ipige harusini ukiwa peke yako, na ukipata mwenzako muigawane.

Mwana_Ngamiani

Ahsante sana Besi. Hiyo ya noti inayoendelea kulia ningeijua zamani. Kuhusu kuitupa, nilimwambia mzee kuwa sasa nitaacha kuipiga vile. Akanijibu, "Usiache. Siku ukiwa peke yako utafanyaje?" Kwa hiyo mmekubaliana nyie wawili bila kuonana.

Binti_Pangani

Kaka zangu mmekaa na dansi tu, na Tanga hii ndiyo ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Taarabu ya Tanga ilikuwa na gitaa na besi zake, haikusubiri okestra kubwa ya fidla kama ya Unguja, na mpaka Mombasa walitusikiliza. Sisi wa Pangani tuna mwimbaji Shakila wetu, Mungu amrehemu, ametutoka Agosti 2016. Mama yangu akisikia sauti yake anajifunika kanga usoni.

Nami nina yangu ya nyuma ya jukwaa, ingawa haikuwa jukwaa, ilikuwa harusi. Sitamtaja mwimbaji. Nilikuwa na miaka kama 11. Mama alikuwa mtunzaji hasa, akisikia neno lake kwenye wimbo anainuka, anakwenda taratibu na noti mkononi, anacheza kwanza mbele ya mwimbaji, ndipo anatunza. Usiku ule mwimbaji alinishika akili. Alivyokuwa anavuta sauti, nilidhani mwili wake wote ni koo.

Walipomaliza, nikatumwa kumpelekea maji ya moto yenye tangawizi chumba cha uani. Nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevua bangili zote, ameziweka kwenye sahani. Mbele yake kuna zile pesa za tunzo, zimelowa jasho, anazinyoosha moja moja kwenye paja na kuzigawa mafungu. Fungu la kwanza la mpiga kinanda. Nikasema shikamoo. Akafungua mdomo, haikutoka sauti. Hewa tu, kama mlango unaofunguliwa. Akatabasamu, akanionyesha koo, akafanya ishara ya mkono kwamba imekwenda.

Niliogopa, nilidhani amekuwa bubu. Nikakimbia kwa mama nikilia. Mama akaniambia, hajaipoteza, ametugawia, itarudi keshokutwa.

Toka siku ile mimi sijawahi kumvamia mwimbaji aliyetoka kuimba. Nampelekea maji, nakaa kando. Akitaka kuongea ataongea.

Kifaru_wa_Korogwe

Nimesoma yote na nawaonea wivu wa heri, lakini naomba niseme la upande wa pili.

Mimi pia nilikuwa na wangu. Mwimbaji wa bendi, si wa Tanga. Nilikuwa na kanda zake zote, na mwanangu wa kwanza nilimpa jina lake. Akaja mji wa jirani. Nikasafiri, nikaingia, nikaimba mpaka mwisho, kisha nikasimama nje ya mlango wa nyuma saa 3 nzima nikiwa na kanda ya kwanza kabisa niliyonunua, nikitaka tu aishike mkononi. Alipotoka nikamwamkia, nikamnyooshea. Hakuiangalia. Alisema, "Hii ya zamani, nunua mpya," akaingia kwenye gari, mlango ukafungwa. Mwanangu nilikuwa naye pale, wakati huo ana miaka 7. Aliniuliza, "Baba, umemwambia naitwa nani?"

Kanda zile niligawa. Nikisikia wimbo wake mahali naondoka. Kwa hiyo mimi husema, mtu akupendezaye kwa mbali mwache kwa mbali. Mleta mada umebahatika, usidhani ndivyo ilivyo kwa wote.

Binti_Pangani

Kaka yangu pole. Hapo pa mtoto nimeumia. Labda naye alikuwa ameishiwa usiku ule kama yule wangu, ila wangu alikuwa na tabasamu na wako hakuwa nalo.

Kifaru_wa_Korogwe

Dada, kuishiwa sauti naelewa. Kuangalia kanda hakuhitaji sauti.

Mwana_Ngamiani

Kifaru, sina la kukubishia. Yule mtoto alistahili angalau kushikwa kichwa. Nami ningesimama saa 3 kama wewe, na ningefungiwa mlango sijui ningerudi vipi kwenye gitaa.

Mlingotini

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Nilipita chuo cha sanaa hapa, kile kilichoanzishwa 1981 na ambacho toka 2007 kinaitwa TaSUBa. Kifaru, nakuelewa, lakini naomba nikupe picha nyingine ya nyuma ya jukwaa.

Wakati wa tamasha sisi wanafunzi ndio tulikuwa wabeba vyombo. Mwaka mmoja nilipangiwa kundi la ngoma za Kigogo. Mnajua Bagamoyo na Ugogo vimeunganishwa na marehemu Hukwe Zawose. Alitoka Dodoma, akakaa hapa, akafundisha hapa, akapiga dunia nzima, na akafariki hapa tarehe 30 Desemba 2003. Ukoo wake bado uko hapa unapiga.

Kwenye kundi lile kulikuwa na mzee wa ilimba. Kwa asiyeijua, ilimba ni sanduku la mbao lenye vijiti vingi vya chuma unavyopiga kwa vidole gumba. Lakini ile sauti yake ya kuvuma, kama nyuki wako ndani, haitoki kwenye chuma. Sanduku lina matundu, na juu ya tundu kunabandikwa utando wa buibui, ule mweupe mzito anaofunikia mayai yake. Chuma kikilia, utando unatetemeka.

Usiku ule upepo wa baharini ulikuwa mkali, jukwaani utando ukapasuka katikati ya wimbo. Alimaliza, lakini ilimba ilisikika kavu. Alipotoka, watu walikuwa wamejipanga kumsubiri, wengine wageni kutoka Ulaya wana kamera. Hakumwona hata mmoja. Aliniuliza, "Una tochi?" Nikasema ninayo. Tukatoka nyuma, tukazunguka ukuta wa jengo, yeye mbele, mimi namulika, anapapasa kwenye pembe za madirisha na chini ya paa. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa bila neno. Akaupata nyuma ya choo. Akaubandua kwa ukucha, akaulowesha kwa ulimi, akaubandika kwenye tundu, akaulainisha kwa kidole gumba. Kisha akapiga kijiti kimoja. Ukavuma.

Ndipo akageuka, akaona watu, akaanza kuwapa mikono mmoja mmoja, ana furaha kabisa.

Sisemi yule wako alikuwa anatafuta buibui. Nasema tu kwamba mimi toka siku ile nikimwona mpigaji ananipita bila kuniona, huwa najiuliza chombo chake kiko salama au la.

Makorora74

Hiyo ya kutafuta buibui na tochi nimemsomea mke wangu kwa sauti. Anaomba mwendelee.

Mwana_Ngamiani

Wakuu, nimerudi na habari.

Kwanza, nimemuuliza mama kuhusu waya za breki. Amesema baba alikuwa na kopo la siagi limejaa waya kuukuu, limening'inizwa kwenye msumari nyuma ya kibanda, na kila akitaka kulitupa baba alikuwa anamkatalia. "Kuna watu huja kuzichukua," alikuwa akimwambia. Ni watu gani, mama hajui, hakuwahi kuuliza. Sidai kitu hapo. Inawezekana ni wavuvi, inawezekana ni mafundi wenzake. Lakini baba aliweka nyundo chini wimbo ule ukipigwa, na mimi nitaendelea kulifikiria kopo lile.

Pili, Jumatano nimekwenda nyumbani kwa mzee na gitaa langu. Besi, nilifuata ushauri wako wa kugawana. Nimeweka simu mezani, nikarekodi. Kwanza solo peke yake, kapiga yeye. Kisha la pili peke yake, nimepiga mimi yeye akinirekebisha. Pale pa kuchelewa alinieleza vizuri zaidi siku hiyo. Alisema mwenzake alikuwa anamsubiri mpiga tumba ashushe mkono ndipo aguse uzi. Hakuwa anahesabu, alikuwa anaangalia mkono wa yule wa ngoma. Ndiyo maana nilikuwa siupati kwa kusikiliza redio, kwa sababu ni jambo la macho.

Tatu, na hili ndilo lililonileta. Nimenunua daftari kubwa. Nimemtajia nyimbo 11 za bendi yao ninazozijua, na kwa kila wimbo akanitajia aliyepiga solo, la pili, rithimu, besi, saksafoni, ngoma. Redioni tulikuwa tunasikia jina la bendi, mara nyingine na la mtunzi. Yule wa gitaa la pili hakutajwa popote. Kwenye nyimbo mbili mzee alisita, akasema hizo nisiandike kitu mpaka tumpate mwenzao mmoja aliyeko Muheza, anayekumbuka vizuri kuliko yeye mzee. Nilipenda hivyo. Hakutaka kubahatisha jina la mtu.

Jina la yule marehemu limeandikwa kwenye daftari mara 9. Nitakwenda Muheza kwa ndugu zake pia. Wakiridhia, nitaliweka hapa kwa herufi kubwa.

Nilipokuwa naondoka, gitaa langu lilikuwa limelala kwenye mapaja yake na hakunyoosha mkono kunirudishia. Wala hakuomba. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja na baiskeli, njia ina mashimo, niliache hapa mpaka Jumamosi?" Akasema, "Liache."

Tatizo ni moja, nyuzi zangu zimechoka, zina kutu, na zile nyembamba mbili zimeanza kufumuka. Hapa mjini nimepita maduka mawili, nimekosa anazotaka.

Besi_Temeke

Anatumia nyuzi za unene namba ngapi?

Mwana_Ngamiani

Kumi. Anasema kumi na moja, zilizo nene zaidi, siku hizi zinamshinda kwa kile kidole.

Besi_Temeke

Kesho asubuhi niko Kariakoo. Nachukua seti tatu za kumi, nazifunga kwenye bahasha, nampa kondakta wa basi la Tanga. Hela usinitumie.

Mwana_Ngamiani

Nitakuwa stendi ya Kange kuanzia saa nane mchana.